Kwa mawakili wachanga mnaokimbilia kesi za ubaguzi

Nimepokea rasimu nyingine ya ombi la kikatiba. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya, kile cha usawa na kukataza ubaguzi, kimejaa kila ukurasa, mteja katajwa kwa kupitia tu. Jamani, tutafundishana hadi lini?

1. Kwetu ubaguzi hauachi barua. Hakuna ofisa atakayeandika kwamba Mnubi, yaani Mkenya wa jamii yenye asili ya Sudan, kanyimwa kitambulisho kwa sababu ya Unubi wake. Alikuwa akiambiwa arudi Alhamisi, na Alhamisi kamati ya uhakiki, iliyowahoji Wanubi kabla ya kupewa kitambulisho, haikai. Hayo niliyajua vizuri, na bado nikaandika katika kiapo cha kijana mmoja wa Kibra, Nairobi, kwamba "alinyimwa kitambulisho." Jaji akaruhusu ahojiwe. Wakili wa serikali akauliza kwa upole, "Barua ya kukunyima iko wapi?" Kijana, mkweli wa watu, akajibu, "Hawakuninyima. Walisema nirudi." Wakili huyo akaketi papo hapo. Nikasimama kuokoa jahazi, nikauliza swali moja baya kuliko lake. Nje, kwenye veranda, mama wa kijana akanitolea daftari la shule: kila siku waliyokwenda, dirisha gani, waliambiwa nini, mpaka nauli. Sikuwa nimemuuliza kitu. Wiki zile zote nilikuwa nimezama katika hukumu za Afrika Kusini! Kwa hiyo andikeni "alizungushwa", kisha mwambatishe daftari.

2. Ombeni sababu kwa maandishi chini ya Kifungu cha 47 cha Katiba kabla hamjafungua kesi. Wakinyamaza, barua yenu ina tarehe, na huo ni ushahidi.

3. Someni uamuzi wa Machi 2011 kuhusu watoto wa Kinubi, uliotolewa na kamati ya Afrika ya haki za mtoto. Kenya ilishindwa. Angalieni ushahidi ulivyopangwa, msinakili aya tu.

4. Mtamtaja Thurgood Marshall, wakili Mmarekani mweusi wa kesi za ubaguzi, najua. Basi kumbukeni kwamba mwaka 1960 alikuwa London, Lancaster House, kwenye mkutano wa katiba ya Kenya, akiwaandalia wajumbe Waafrika wa Kenya rasimu ya haki za msingi, na suala la Wahindi na Wazungu watakaobaki wachache lilimshughulisha sana. Mwalimu wake, Charles Hamilton Houston, alizunguka jimbo la South Carolina, Marekani, miaka ya 1930 na kamera, akirekodi shule za watoto weusi na za weupe. Profesa wa sheria huyo, na vumbi lake! Ninyi Kibra mnaiona kwenye ramani ya simu.

5. Wasalimieni watu wa masjala. Na nauli ya mteja muiulize mapema, maana wengine hukosa kufika mahakamani kwa aibu ya kuomba.