Kipimo kitangulie mashine: figo za wanajeshi wetu wastaafu

Barua tatu za mwezi huu zimetoka Uyole, Mafinga na Iringa, na zote zinahusu figo za watu waliowahi kuvaa sare za jeshi. Nimeona nizijibu kwa pamoja, kwa kuwa jibu la moja linaingia katika la nyingine, na kwa kuwa katika miaka niliyofanya kazi ya uuguzi katika nyanda hizi nimewapokea wazee wengi wa aina hii wakiwa wamechelewa. Walifundishwa kuvumilia maumivu, na hakuna aliyewafundisha kuyasema.

Swali: Shikamoo. Baba yangu alikuwa kijana wa miaka 21 alipokwenda vita vya Kagera. Sasa amestaafu na tunaishi naye. Ametumia dawa za presha kwa miaka mingi, tena kwa kurukaruka, na magoti yakimuuma hununua diklofenaki kwenye duka la dawa. Mwezi uliopita miguu ilimvimba, akapimwa damu, tukaambiwa figo zake zinafanya kazi chini ya nusu. Ndugu yetu aliyeko Marekani anasema serikali ya kule inawahudumia wanajeshi wastaafu wenye ugonjwa wa figo tangu kipimo hadi kupandikizwa. Wamefanya nini hasa, na je, kuna lolote la kutufaa sisi katika hayo? — *Msomaji, Uyole, Mbeya*

Jibu: Marahaba, mwanangu, na unifikishie salamu za heshima kwa mzee.

Kuna jambo lisiloweza kungoja habari za Marekani, nalo ni hiyo diklofenaki. Iishe leo. Diklofenaki, ibuprofeni na dawa za jamii hiyo hubana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo, na kwa mzee mwenye presha ambaye figo zake zimekwisha kudhoofika, kidonge kinachotuliza goti jioni kinaweza kuwa ndicho kinachomaliza sehemu ya figo iliyobaki. Mwambieni daktari juu ya maumivu hayo ili ampe dawa nyingine. Mara nyingi huanza na parasetamoli kwa kipimo maalumu. Mwambieni pia kuhusu dawa zozote za mitishamba anazokunywa, bila kuona haya.

Sasa tuje kwenye swali lako. Marekani ina wizara inayoshughulikia wanajeshi wastaafu peke yao, yenye hospitali zipatazo 170 na watu wapatao milioni 9 walioandikishwa kutibiwa humo. Ukubwa huo usikukatishe tamaa, kwa sababu jambo lenye manufaa kuliko yote walilofanya kwa ajili ya figo halikuhitaji mashine hata moja. Hadi miaka ya 1960 madaktari wengi walikuwa na shaka kama mtu mwenye presha ya juu, lakini anayejisikia mzima, ana haja ya kupewa dawa. Daktari Edward Freis, wa hospitali ya wastaafu mjini Washington, aliongoza utafiti katika hospitali kadhaa za wizara hiyo, na matokeo ya kwanza yakatolewa mwaka 1967. Wanaume 143 ambao namba ya chini ya presha yao ilikuwa kati ya 115 na 129 waligawanywa katika makundi mawili, moja likapewa dawa na la pili vidonge vinavyofanana navyo ila havina dawa ndani. Katika kundi lisilopata dawa, wagonjwa 27 walipata madhara makubwa na wanne walifariki dunia. Katika kundi lililopata dawa, waliodhurika walikuwa wawili tu, na hakuna aliyefariki. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa wagonjwa hao wote 143, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kumnyima mtu dawa ambayo faida yake imekwisha kuonekana.

Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu vidonge vya presha anavyopewa baba yako kliniki, ambavyo huviruka akijisikia vizuri, vinasimama juu ya ushahidi uliotolewa na miili ya askari wastaafu kama yeye. Presha na kisukari ndivyo vyanzo vikuu vya figo kushindwa. Anayemeza dawa zake kila siku, hata siku ambayo haumwi popote, tayari anatibu figo.

Sheria zilikuja pia, na zipo zinazostahili kutazamwa. Kuanzia Julai 1973, kwa sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, karibu kila Mmarekani ambaye figo zake zimeshindwa kabisa alianza kulipiwa na bima ya umma kusafishwa damu, hata kama hajafikia uzee. Sheria ya mwaka 2018 ikafungua mlango mwingine kwa wastaafu wa jeshi: kama safari ya kwenda kwa daktari bingwa wa wizara inachukua zaidi ya dakika 60 kwa gari, mstaafu anaweza kutibiwa kwenye hospitali binafsi iliyo karibu naye, na serikali ikalipa. Nikiisoma sheria hiyo namkumbuka mgonjwa wa Makete au Ludewa anayeamka usiku kuwahi basi. Mwaka 2022 sheria nyingine ikakubali kwamba askari aliyekutana na sumu ya kuua majani katika vita vya Vietnam, akaja kuugua presha, ahesabiwe kuwa presha hiyo imetokana na utumishi wake bila kubebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inampunguzia mzee mgonjwa kazi ya kubishana na ofisi.

Hata hivyo kule nako walikosea, na kosa lenyewe liliwagusa watu wenye ngozi kama yetu. Kwa miaka mingi hesabu ya kutafsiri kipimo cha kreatinini, yaani uchafu wa damu ambao figo hutakiwa kuuchuja, ilikuwa ikimwongezea Mweusi alama, kana kwamba figo zake ni nzima kuliko zilivyo. Kwa hiyo baadhi ya wagonjwa Weusi walichelewa kupelekwa kwa bingwa na kuingizwa kwenye orodha ya kupandikizwa figo. Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa figo lilipendekeza hesabu mpya isiyotazama rangi, na ndiyo inayotumika sasa.

Nini kinatufaa sisi? Kipimo, mwanangu. Figo huharibika kimyakimya, na miguu inapovimba kazi kubwa imekwisha kupotea. Vipimo viwili vinatosha kugundua mapema: mkojo, kutazama kama una protini, na damu, kutazama kreatinini. Kreatinini peke yake inaweza kudanganya kwa mzee aliyepungua nyama, ndiyo maana huingizwa kwenye hesabu pamoja na umri na jinsia ili kupata kiwango cha uchujaji. Kikiwa chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo, na kikishuka chini ya 15 figo zimeshindwa. Baba yako yuko katikati, mahali ambapo presha iliyotulia, chumvi kidogo na dawa sahihi vinaweza kuchelewesha safari hiyo kwa miaka. Dawa za presha za kundi la enalapril na losartan hulinda figo zinazovujisha protini, ila huanzishwa na daktari na kufuatwa na kipimo kingine cha damu baada ya wiki chache.

Mpelekeni kliniki mkiwa na karatasi ya majibu, na muombe kipimo cha mkojo kama hakikufanywa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Anzieni hapo, na muombe rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ambayo mnayo karibu.

Swali: Mimi ni mwanajeshi mstaafu. Nimeambiwa kiwango changu cha figo ni 13 na nijiandae kusafishwa damu. Nasikia Wamarekani wanasafishwa nyumbani kwao. Je, hapa inawezekana? Na mwanangu anataka kunipa figo yake, nami sitaki kumdhuru. — *Msomaji, Mafinga*

Jibu: Shikamoo, mzee. Pole sana.

Kusafisha damu kwa mashine kwa kawaida hufanyika mara tatu kwa wiki, kila mara saa nne hivi. Ipo pia njia ya tumbo: maji maalumu huingizwa tumboni kupitia mrija mwembamba, hukaa humo saa kadhaa yakivuta uchafu wa damu, kisha hutolewa na kuwekwa mengine, mara nyingi kwa siku mara nne. Mgonjwa anaweza kuifanya akiwa kwake, ilimradi mikono iwe safi na chumba kiwe safi, kwa sababu uzembe huleta maambukizi tumboni. Mwaka 2019 serikali ya Marekani ilijiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2025, wagonjwa 80 katika kila 100 wapya wa figo zilizoshindwa wawe wanasafishwa nyumbani au wamepandikizwa. Hata hivyo wengi wa wagonjwa wao bado wanakwenda vituoni. Hapa kwetu mashine za hospitali ndizo tegemeo, kwa hiyo muulize daktari wako bingwa waziwazi kuhusu njia ya tumbo, lakini panga maisha ukitegemea mashine. Kabla ya kufikiria kuhamia Mbeya, ulizia pia hospitali ya rufaa ya mkoa wako.

Yapo maandalizi unayoweza kuyaanza wiki hii. Mkono usiouandikia usichomwe sindano wala kutolewa damu tena, kwa sababu mishipa yake inaweza kuhitajika kuunganishwa na kuwa njia ya mashine, na mshipa ulioungwa huchukua wiki nyingi kukomaa. Omba pia chanjo ya homa ya ini aina ya B mapema. Niliwahi kumhudumia mzee aliyefika bila mshipa ulioandaliwa, akawekewa mrija shingoni kwa dharura, ukaingiwa na vijidudu. Mateso yale yangeweza kuepukwa kwa mazungumzo ya nusu saa miezi sita kabla.

Kuhusu mwanao, mshukuru kwanza, kisha mwache apimwe. Kupandikiza figo si jambo la kusafiria India tu kama zamani, kwani Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Mtoaji ni ndugu aliye hai, na hawezi kukubaliwa mpaka ithibitike kwamba figo zake zote mbili ni nzima na kwamba anatoa kwa hiari yake. Kwa mtu aliyechunguzwa vizuri, figo moja inatosha kuishi nayo. Sheria ile ya Marekani ya mwaka 2018 inailipia pia huduma ya mtoaji, hata kama yeye hakuwa askari, na hilo ni jambo la busara la kuiga, kwa maana anayetoa figo naye ni mgonjwa kwa wiki kadhaa.

Swali: Sisi ni kikundi cha wanajeshi wastaafu tunaokutana kila mwezi. Wenzetu wawili wamefariki kwa figo. Tunataka kuiandikia serikali. Tuombe nini? — *Msomaji, Iringa*

Jibu: Poleni kwa misiba, wazee wangu.

Mashine za kusafisha damu ni muhimu, na anayezihitaji leo hawezi kuambiwa asubiri. Lakini msiziweke katika mstari wa kwanza wa barua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ombeni kwamba katika utekelezaji wake mstaafu asikatiwe kinga pale tu anapougua ugonjwa wa gharama, na kwamba vipimo vya figo vihesabiwe kuwa haki ya kila anayehudhuria kliniki ya presha na sukari.

Ombi la pili ni dogo kwa gharama, nami naliona kubwa kwa faida. Serikali huwaita wastaafu kwa ajili ya uhakiki wa pensheni, nao hujitokeza kwa wingi, hata wale wasiokanyaga hospitali. Siku hiyo iwekwe meza moja zaidi, yenye mashine ya presha, kijiti cha kupimia mkojo, kipimo cha sukari na muuguzi mmoja wa kuandika. Daftari la majina tayari lipo. Linahitaji kuongezewa safu ya presha na safu ya protini, ili mwakani ionekane nani amebadilika. Kwa upande wenu, msiingoje serikali kwa yote: Siku ya Figo Duniani huwa Alhamisi ya pili ya Machi, na mkimwandikia mganga mkuu wa wilaya mapema, mnaweza kuomba upimaji ufanyike mahali mnapokutania.

Andikeni pia, kwa maneno yenu wenyewe, kwamba mzee atakayekutwa na protini kwenye mkojo asiambiwe tu aende hospitali. Aondoke pale mezani akiwa na karatasi ya rufaa mkononi, yenye tarehe, jina la kliniki na namba ya simu ya mtu wa kumpokea.