Hewa nzito ofisini: tafuta chanzo kabla hujanunua mashine

Mkuu, umeuliza ununue mashine gani ya kusafisha hewa, maana wafanyakazi wako kila ikifika mchana kichwa kinawagonga na macho yanawasha, na kuna chumba kimoja kinanuka uvundo. Nimefanya kazi ya kutunza majengo muda mrefu, na ushauri wangu ni kwamba hizo hela zishike kwanza. Mashine hizo zinachuja vumbi na moshi. Hazileti hewa mpya, hazikaushi ukuta.

Anza na maswali. Nani anaumwa, anakaa wapi, saa ngapi, na akitoka nje anapata nafuu? Wakiwa wazima wikendi na Jumatatu hali ikarudi, basi jengo lina mkono wake. Wakilalamika wa kona moja tu, kagua kona hiyo: mashine ya fotokopi, samani mpya za mbao za kubandikwa kwa gundi, rangi mbichi. Kikilalamika chumba kizima, na hali inazidi kadiri saa zinavyokwenda, mara nyingi watu ni wengi na hewa haibadilishwi.

Lakini watu kadhaa wakipatwa kichwa na kichefuchefu kwa mpigo, na kuna jenereta au jiko linalowaka karibu, acha uchunguzi, toeni watu nje. Kaboni monoksidi, gesi ya moshi wa jenereta na majiko, haina harufu wala rangi, na inaua. Jenereta isikae chini ya dirisha, hata kama ni "kwa leo tu".

Sasa AC, maana hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Ile ya kawaida ya ukutani haivuti hewa ya nje. Kinachopita kati ya kipande cha ndani na cha nje ni gesi ya kupoozea tu. Hewa mnayovuta ni ileile inayozunguka chumbani, imepoozwa. Mkifunga madirisha ili ubaridi usitoke, mnavuta pumzi za wenzenu. Tafuta kipimo cha kaboni dioksidi, ile gesi tunayoitoa tukipumua, kinachotumia infraredi, si vile vya bei rahisi vinavyokisia kutokana na gesi nyingine. Nje utasoma kama sehemu 420 kwa milioni. Ndani ikipita 1,000, hewa mpya haitoshi. Nimewahi kukiweka kwenye meza ya mikutano, mlango umefungwa, kikavuka 2,000 kikao kikiwa bado kinaendelea. Tukafungua dirisha upande mmoja na mlango upande wa pili, namba ikaanza kushuka tukiiangalia. Kama huwezi kufungua madirisha, fundi akuwekee feni ya kuingiza hewa ya nje kupitia filta.

Kile chumba kinachonuka uvundo nakishuku zaidi. Zima umeme, fungua kifuniko cha AC, toa filta, mulika tochi kwenye ile feni ndefu ya ndani. Kati ya mapanga yake ukiona vumbi lililoganda lenye madoa meusi, harufu umeipata. Kisha angalia trei ya maji iliyo chini ya koili, yale mabomba yanayopoozea hewa: bomba likiziba au likikosa mteremko, maji yanatuama na utelezi unaota humo. Dawa ya kunukia haisaidii hapo. AC ishushwe, ioshwe yote, bomba lizibuliwe na mteremko urekebishwe, la sivyo mtairudia kazi hiyohiyo. Kama harufu ni ya maji machafu, mwaga ndoo ya maji kwenye matundu ya sakafuni yasiyotumika. Mtego wa bomba, ile kona inayoshika maji, ukikauka, hewa ya maji taka inapanda juu bila kizuizi.

Ukuta wenye kuvu usiupake rangi juu. Ukwangue eneo dogo, ulikaushe kwa nje, ubandike kipande cha nailoni na kuziba kingo zote kwa tepu, uache siku mbili tatu. Unyevu ukitokea nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani: bomba linavuja, paa, au msingi. Ukitokea mbele, ni mvuke wa chumbani unaogandia ukuta wa baridi, na dawa yake ni kupitisha hewa na kushusha unyevu chini ya asilimia 60. Feni ya chooni nayo ijaribu kwa karatasi ya tishu. Isiposhika kwenye wavu, feni inapiga kelele tu. Na panda uone bomba lake linaishia wapi. Nimekuta zinazomwaga mvuke wote juu ya dari.

Mimea ya vyungu weka kwa ajili ya macho. Lile jaribio la NASA, shirika la anga la Marekani, la mwaka 1989, ambalo watu hulitaja wakisema mimea inasafisha hewa, lilifanywa kwenye visanduku vilivyozibwa, si ofisini kwenye watu wanaoingia na kutoka.

Mashine utaihitaji kama hewa ya nje yenyewe ni chafu, mfano mko kando ya barabara yenye vumbi na moshi. Hapo chukua yenye filta ya HEPA, ile inayonasa chembe ndogo sana za vumbi na moshi, inayotosha ukubwa wa chumba. Mashine za kutoa gesi ya ozoni usichukue hata ukipewa bure. Ozoni yenyewe inawasha mapafu.