Poka ya karata tatu: hesabu kwanza, kukariri baadaye

Mtu aliyebobea kwenye wahedi wa sitini, mchezo wetu wa karata wa Unguja, hupata tabu zaidi kujifunza poka kuliko mtu ambaye hajawahi kushika karata. Nimeliona hili barazani kwetu Mkunazini, na nimeliona Paje, kwenye hoteli ninayofanya kazi, ambako usiku wageni hutandaza karata mezani na kumwita kijana yeyote aliye karibu aje kutimiza idadi. Kijana anakaa, anaona ni kopa, uru, shupaza na pao zilezile alizozikuta kwa babu yake, na anadhani kilichobaki ni kushika majina machache mapya. Hapo ndipo anapopotea.

Kwetu sisi, kwenye wahedi wa sitini, ree (A) ina pointi 11, saba 10, mzungu wa nne (K) 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2. Jumla ni 120, na mwenye kufikisha 61 ameshinda. Saba inampiga K. J, ambaye ndiye mzungu wa tatu, anampiga Q, mzungu wa pili. Turufu ndogo kabisa inaila ree ya aina nyingine. Kwenye poka hakuna hata kimoja katika hayo. Saba iko chini ya nane, basi. Q yuko juu ya J. Nane, tisa na kumi, ambazo sisi tunaziweka kando, zinarudi mezani na zina nguvu yake. Turufu haipo, na shupaza haina ubora wowote mbele ya pao.

Kwa hiyo kabla ya kanuni yoyote, chukua pakiti kamili ya karata 52, kaa peke yako, uzipange kutoka mbili mpaka ree. Changa, panga tena. Fanya hivyo mpaka mkono umuweke Q juu ya J bila wewe kufikiri. Usilidharau zoezi hili. Mtu anaweza kujua kanuni zote za poka na bado akatupa karata nzuri kwa sababu macho yake yangali barazani.

Poka yenyewe ni ukoo mkubwa wa michezo, na mimi nashauri kuanza na ule wa karata tatu, uliobuniwa na Derek Webb wa Uingereza mwaka 1994. Ni mfupi, na huchezi na wenzako waliokaa kando yako. Unashindana na mgawaji peke yake. Hakuna kumtisha mtu kwa dau kubwa wala kusoma uso wa mwenzio. Kilichopo ni karata na hesabu, na ndiyo maana unafaa kwa anayejifunza.

Unaweka dau la kuingilia. Unapewa karata tatu, mgawaji naye anajipa tatu zilizofunikwa. Unatazama zako na kuamua: kuzitupa, na hapo dau lako limekwenda, au kubaki, na hapo unaongeza dau la pili lililo sawa na lile la kwanza. Mgawaji anafunua. Lazima awe na Q au zaidi ndipo karata zake zihesabiwe. Asipofika Q, analipa dau la kwanza moja kwa moja, na lile la pili anakurudishia bila nyongeza. Akifika, mnalinganisha: ukimshinda analipa yote mawili, akikushinda anachukua yote mawili, mkilingana kila dau linabaki la kwako. Kuna pia zawadi ndogo juu ya dau la kuingilia ukishika fungu kubwa, yaani karata zako tatu kwa pamoja zikiwa na mpangilio wa juu, hata kama mgawaji amekushinda: kwa kawaida mara moja kwa mfuatano, mara nne kwa tatu zinazofanana, mara tano kwa mfuatano wa aina moja.

Sasa tuje kwenye mpangilio wa mafungu, maana hapa ndipo wengi hukariri bila kuelewa. La juu kabisa ni mfuatano wa aina moja, mfano 5, 6, 7 zote za kopa. Linafuata tatu zinazofanana. Halafu mfuatano wa aina mchanganyiko, halafu tatu za aina moja zisizofuatana, halafu jozi. Asiye na chochote katika hayo hupimwa kwa karata yake kubwa. Ree inaweza kukaa juu, Q, K na ree, au chini, ree, 2 na 3. Lakini K, ree na 2 si mfuatano.

Aliyewahi kuona poka ya karata tano atasema nimepindua mambo, kwa sababu kule aina moja inaushinda mfuatano, na tatu zinazofanana ziko chini ya vyote viwili. Mzee mmoja wa barazani kwetu aliniuliza hilihili alipoiona karatasi yangu.

"Mwanangu, mfuatano umeishinda vipi aina moja? Huu mchezo umeandikwa vibaya."

"Ami, tuhesabu," nikamwambia.

Tukahesabu, na hesabu hii ndiyo ninayotaka kila anayejifunza aifanye kwa mkono wake. Karata tatu kutoka 52: 52 mara 51 mara 50, gawanya kwa 6, unapata mafungu 22,100. Hayo ndiyo yote yanayoweza kutokea. Tatu zinazofanana: kila namba ina njia nne, namba ziko 13, basi 52. Mfuatano wa aina moja: mifuatano iko 12, aina nne, basi 48. Mfuatano mchanganyiko: kila mmoja kati ya ile 12 una njia 64 za kuchanganya aina, yaani 768, toa zile 48, zinabaki 720. Aina moja: kutoka kila aina yenye karata 13 unaweza kuchagua tatu kwa njia 286, mara nne ni 1,144, toa 48, zinabaki 1,096. Jozi ni 3,744. Yaliyobaki, ambayo hayana kitu, ni 16,440.

Ami akaitazama 720, akaitazama 1,096, akasema, "Kumbe kilicho adimu ndicho kikubwa." Hakuniuliza tena, na sidhani kama ataisahau. Kwenye karata tano hesabu inageuka, mifuatano ni 10,200 na aina moja ni 5,108, kwa hiyo ubora nao unageuka. Mtu aliyekariri orodha mbili huzichanganya akichoka. Mtu aliyehesabu ana sababu ya kila nafasi, na akisahau anaweza kuipata tena kwa penseli.

Namba nyingine ya kuikazia macho ni ile 16,440. Karibu mara tatu katika kila nne utashika takataka. Mchezaji wa wahedi wa sitini hajazoea hili, kwa sababu kwetu hata karata mbaya zina kazi: unamlisha mwenzako pointi, unaitoa turufu kwa adui, unangoja. Hapa takataka ni takataka, na swali pekee ni kama utabaki au utatupa.

Jibu lake limekwisha kupigwa hesabu. Ukiwa huna jozi wala kikubwa zaidi, tazama karata yako ya juu. Ni K au ree? Baki. Ni J au chini yake? Tupa. Ni Q? Tazama ya pili: kuanzia 7 kwenda juu, baki, 5 au chini, tupa. Ikiwa ni 6, iamue ya tatu: 4 au 5 unabaki, 2 au 3 unatupa. Kwa hiyo Q, 6 na 4 ndio mpaka. Sababu yake ni kwamba ukitupa umepoteza dau moja kwa hakika, na ukibaki unahatarisha mawili, lakini katika mafungu 6,720 kati ya yale 22,100 mgawaji hafiki Q, na unalipwa hata ukiwa na karata mbovu. Kuanzia Q, 6 na 4, kubaki kunakugharimu kidogo kuliko kutupa.

Nimesema kunakugharimu, na nimekusudia hivyo. Hata anayefuata kanuni hii bila kuteleza, katika kila 100 za dau la kuingilia kasino inabaki na wastani wa 3.37. Mezani kuna pia dau la pembeni, la jozi, linalolipwa ukishika jozi au zaidi bila kujali mgawaji ana nini. Malipo yanayoandikwa mara nyingi ni jozi 1, aina moja 3, mfuatano 6, tatu zinazofanana 30, mfuatano wa aina moja 40. Arobaini inavutia sana. Chukua mafungu yote 22,100, weka komwe moja kwa kila fungu, kisha jumlisha: unalipwa komwe 14,832 na unapoteza 16,440. Pengo ni komwe 1,608, zaidi ya saba katika kila mia. Meza nyingine hulipa aina moja 4 badala ya 3. Namba hiyo moja tu inalishusha pengo mpaka 512, kama mbili katika mia. Haliondoki.

Nasema komwe kwa sababu sisi tunacheza kwa komwe, zilezile za bao, na fedha haiingii. Kamari ni haramu, Sura ya Al-Maida aya ya 90 imelikata jambo hili, na mimi silizungushi. Mgeni akikwambia muweke shilingi elfu elfu ili mchezo unoge, mwambie kwa adabu kwamba wewe unacheza kwa komwe. Mgeni muungwana hukubali, na asiyekubali mtakie usiku mwema. Linalonitia uchungu zaidi ni simu. Vijana wetu wanaoneshwa meza hizi kwenye skrini, wanapewa mizunguko ya bure, wanashinda, halafu wanaombwa namba ya malipo ya simu. Kijana aliyekwisha kujumlisha 14,832 na 16,440 kwa mkono wake hahitaji kuhubiriwa na mtu. Ndiyo maana nafundisha hesabu kwanza, na nawaomba walimu wa skuli wanaofundisha mada ya uwezekano waijaribu darasani kwa pakiti ya karata na daftari.

Mkikaa kujifunza, muwe watatu au wanne, na ugawaji uzunguke. Kila mtu agawe. Kwenye kiti cha mgawaji utauona mchezo kwa upande wa pili: huamui chochote, unafuata kanuni tu, na komwe zinakujia taratibu. Karatasi ya mafungu ikae wazi mezani siku za mwanzo, na yeyote aruhusiwe kuuliza katikati ya mgao. Kabla ya kufunua, kila mmoja aseme kwa sauti ana nini na kwa nini anabaki. Mabishano yatakayotokea yana faida kuliko kusoma kanuni peke yako.

Ukishaizoea ya karata tatu, nenda kwenye ya karata tano iitwayo Caribbean Stud. Umbo lake unalijua tayari: dau la kuingilia, kutupa au kubaki, mgawaji peke yake. Yanayobadilika ni matatu makubwa. Kubaki kunataka mara mbili ya dau la kwanza, mgawaji lazima awe na ree na K au zaidi, na mpangilio wa mafungu unarudi ule wa karata tano. Mafungu yenyewe ni 2,598,960, kwa hiyo andaa daftari jipya, na anza kwa kuhesabu jozi.