Kufuta VAT kwenye taa za LED za dagaa

Mdau, umeuliza kama VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ikifutwa kwenye taa za LED wavuvi wa dagaa Mwanza wataacha karabai, yaani taa za mafuta wanazovutia dagaa usiku. Wachache tu. Taa ya shilingi 118,000 yenye VAT ya 18% hushuka hadi 100,000 ikitozwa VAT ya asilimia sifuri, ambapo muuzaji bado hudai VAT aliyolipa kwenye gharama zake; nafuu ni kama 15%, si 18. Ikipewa msamaha tu, muuzaji hawezi tena kudai VAT aliyolipia pango la stoo, kwa hiyo ataifukia kwenye bei (nani angeacha?). Kinachokwamisha hasa ni mtaji: mafuta ya taa hununuliwa kwa lita, taa na betri hulipwa kwa mkupuo. Mkopo wa rejesho la kila wiki nao hukwama, maana kwenye mbalamwezi dagaa hawafuati taa na mitumbwi hulala. Rejesho lipangwe siku za giza.