Pikipiki ya Boxer kuukuu yenye moshi: itengenezwe au iende skrapu?

Usiiuze kwa kilo bado, ndugu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mara nyingi ringi za pistoni au sili za valvu zimekwisha, na spea za Boxer hazisumbui kupatikana. Cha kuamulia ni fremu. Hapa Mombasa chumvi ya bahari hula chuma kutoka ndani, rangi juu bado yang'aa! Ng'oa kiti, gonga kwa bisibisi chini ya tangi na pale panaposhika gurudumu la nyuma. Ikitoboka, achana nayo hata injini ikiwa nzima; kuchomelea hapo halafu ubebe abiria ni kutafuta balaa. Mimi ni fundi, nishazikata kadhaa za hivyo. Ila logbuku (hati ya umiliki) iwe kwa jina lako kabla hujatia hata shilingi.