Mvule kuungua na bledi kuvuta kulia

Kaka, umeuliza kwa nini mvule unaungua na bledi inavuta kulia unapokata nakshi kwa scroll saw (msumeno wa mashine wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka): hayo ni mambo mawili tofauti. Bledi kuvuta kulia ni kawaida: nyingi hutoka kiwandani na ukali zaidi upande mmoja. Usishindane nayo, geuza ubao pembe kidogo mpaka ifuate mstari. Kaza bledi pia, ukiisukuma pembeni kwa kidole isicheze zaidi ya milimita 3. Kuungua, kwa mvule wa milimita 20, ni bledi butu au nyembamba mno. Funga bledi namba 5 au 7 (namba kubwa ni bledi nene zaidi), punguza kasi, bandika selotepu pana ya maboksi juu ya mchoro (inasaidia kuliko inavyoonekana). Nakshi za ndani zitangulie, ukingo wa nje mwisho, la sivyo vile vijiti vyembamba vya mbao vinavyobaki kati ya nakshi vitakukatikia mkononi.