Nahama nchi, vitu vimejaa na sijui nianzie wapi

SWALI
Shikamoo dada. Mume wangu kapata kazi nje ya nchi, tunaondoka na mtoto wetu wa miaka 6, zimebaki wiki 7 tu. Nyumba hii tumekaa miaka 11, vitu vimejaa mpaka uvunguni. Kila nikianza kupanga naishia kukaa sakafuni na picha mkononi, jioni inafika sijafunga hata boksi moja. Nibebe nini, niache nini, na tukifika nianze na lipi?

JIBU
Marahaba mdogo wangu, na pole. Unakwama kwa sababu umeanzia kwenye picha, na mimi nilipohama nilikwama hapo hapo. Picha ziache mwisho kabisa. Anza stoo, halafu jikoni, kule kusiko na machozi.

Ila kabla ya stoo kuna makaratasi. Tafuta begi moja la mkononi, tia pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, cha ndoa, vyeti vya shule, ripoti za mtoto na kadi yake ya chanjo, na hilo begi usilikabidhi kwa mtu wala lisiende na mizigo ya chini ya ndege. Uliza mapema vyeti vinatakiwa kugongwa muhuri gani, maana nchi zilizo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961 zinakubaliana muhuri mmoja tu unaitwa apostili, lakini nchi mojawapo ikiwa haimo basi kwa kawaida utazungushwa wizara ya mambo ya nje mpaka ubalozini, na kuufatilia ukiwa ushaondoka ni mateso.

Vitu vya umeme, kigeuze kila kimoja usome kibandiko. Pasi ikiandikwa 220-240V na huko unakoenda umeme ni 120V, usidanganyike na adapta ya plagi, ile inabadilisha umbo la plagi tu, volti haibadilishi, pasi itapata uvuguvugu basi. Chaja za simu na laptop nyingi zimeandikwa 100-240V, hizo beba. Pawabenki iende kwenye begi la mkononi.

Na usiseme "hiki chepesi nitakituma kwa ndege", maana mizigo ya ndege inapimwa kwa nafasi pia. Mara nyingi wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita wanagawa kwa 6000, kwahiyo boksi la 60 kwa 50 kwa 40 linahesabiwa kilo 20 hata ukiwa umejaza mito mitupu! Mito gawa tu.

Mtoto mpe kibegi chake achague mwenyewe. Tafadhali usimtupie kitu akiwa amelala, hata kama ni gari bovu lisilo na tairi, akilikosa huko ugenini atakuuliza miezi na hutakuwa na la kumjibu.

Mkifika, laini ya zamani iwe bado inapokea meseji, maana benki wanatuma zile namba za siri huko huko, watu wengi wanaifunga kwa haraka halafu hela yao wanaitazama kwa mbali. Halafu anwani: benki mpya inaweza kutaka uthibitisho wa makazi na mwenye nyumba anataka akaunti ya benki, unazunguka hapo katikati, kwahiyo mumeo aombe barua ya mwajiri sasa hivi kabla hamjaondoka. Njia ya shule tembeeni na mtoto mara mbili tatu kabla ya siku ya kwanza.

Kuna jambo natamani mtu angeniambia mimi. Wiki za mwanzo utafurahia kila kitu, baadae inakuja hasira. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliliandika hilo 1960, kwamba ugeni unachosha kwa sababu zile alama ndogo ndogo ulizozoea zote zimepotea. Mi ilinishika mwezi wa tatu, nimesimama gizani napapasa ukuta natafuta swichi upande ilipokuwa kwenye nyumba ya zamani, nikalia kama mtoto. Ikikukuta usiseme tumekosea kuja, lala, kesho toka nje saa ile ile upite njia ile ile mpaka miguu iizoee.

Zile picha sasa. Maboksi yakishafungwa yote, kaeni nazo sakafuni wote watatu jioni moja nzima, mkimaliza zitie kwenye begi la makaratasi.